Umefika Ukurasa wa Ngapi

Kwenye mlango wa ofisi palikuwa na kibao cha shaba chenye jina moja tu, la Meneja, na chini ya jina hilo palikuwa na nafasi tupu. Iliachwa makusudi. Meneja alipenda kusema kwamba kampuni bado changa na inasubiri washirika, na kila mfanyakazi aliyesimama pale asubuhi akipekua mkoba kutafuta kadi ya kufungulia mlango aliitupia jicho ile nafasi, ingawa ungemuuliza angekana.

Nukta aliitupia macho yote mawili. Jina lake halisi lilikuwa refu na zuri, alilopewa na bibi yake, lakini pale ofisini hakuna aliyelitumia. Alipokuwa mgeni katika kazi ya kutengeneza programu za kompyuta, aliweka nukta moja mahali pasipo pake kwenye programu ya duka la dawa, mashine za duka zikagoma mchana kutwa, na tangu siku hiyo akawa Nukta kwa Meneja, kwa mlinzi wa getini, hata kwa fundi wa kiyoyozi aliyekuja mara moja moja. Programu alizotengeneza baadaye zilifanya kazi vizuri, na hakuna aliyembatiza jina kwa sababu hiyo.

Jumatatu moja Meneja alimwita yeye na Shemeji. Shemeji ndiye aliyekuwa akitafuta wateja wa kampuni. Aliitwa hivyo kwa sababu kwake yeye kila mtu alikuwa shemeji, mteja, askari wa barabarani, hata Meneja mwenyewe, na ndoa iliyomletea mashemeji wote hao haikuwahi kuonekana.

"Tazameni," Meneja alisema, akawageuzia skrini.

Ilikuwa habari ya maktaba ya mji. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakiazima vitabu na kuvisahau majumbani, mpaka rafu zikabaki na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Kampuni ikatengeneza programu ya kuwatumia wasomaji ujumbe wa kuwakumbusha. Mstari wa grafu ya vitabu vinavyorudi ulikuwa umelala chini muda wote huo, kisha, tangu programu ianze kazi, ukainuka na haukushuka tena.

"Sasa wanaitaka kwenye matawi yao yote," Meneja alisema. "Na chanda chema huvikwa pete. Nataka kuongeza jina kwenye kibao. Moja. Nani kafanikisha hili?"

"Swali gani hilo, shemeji?" Shemeji alijibu. "Mkataba nimeuleta mimi. Nimekaa kwenye vikao vyao mpaka wakanipa kiti changu."

"Mkataba haurudishi vitabu," Nukta alisema.

"Na wewe si unalipwa mshahara? Mpishi akipika kitamu hapewi hoteli."

"Na mbeba sinia je?"

Meneja aliwatazama kwa zamu, akionekana kufurahia. "Mwamba ngoma huvutia kwake," alisema. "Sikilizeni. Matawi yanataka matokeo yale yale, na mimi hata sijui yametoka wapi. Ijumaa nielezeni kwa nini vitabu vinarudi. Mtu ambaye sababu hiyo ni kazi ya mikono yake, huyo ndiye."

Nukta alitoka akiwa ametulia, maana sababu aliijua. Ilikuwa ile hesabu yake. Kwa miezi kadhaa alikuwa amejenga hesabu ya kumchunguza kila msomaji, huwa anafika maktaba siku gani, saa ngapi, ana haraka au hana, kisha kumchagulia saa yake mwenyewe ya kupata ujumbe, saa ambayo kuinuka na kwenda ni rahisi. Aliipenda hesabu ile jinsi watu wengine wanavyopenda bustani zao. Ila hakuwahi kuiona ikifanya kazi. Seremala huwaona watu wakikalia kiti chake, lakini yeye alichokuwa akiona ni mstari tu kwenye skrini, na udadisi ulikuwa umemwasha siku nyingi. Kesho yake akaomba ruhusa, akaenda maktaba.

Alifika asubuhi akakuta kimya. Mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, alikuwa peke yake kwenye meza ya mapokezi. Nukta alichukua riwaya nene kuhusu mtu aliyejenga daraja, akakaa nayo karibu na dirisha ili aonekane msomaji. Muda ukapita. Mara watu wakaanza kuingia. Aliingia mmoja, wakaja wawili, kisha likaja kundi, na kufumba na kufumbua foleni ilikuwa imefika mlangoni, kila mtu na kitabu kwapani.

Nukta alikunja uso. Hesabu yake ilikuwa ya kuwatawanya watu. Hawa mbona wamekuja mkupuo, kana kwamba wamepigiwa kengele?

Halafu akasikia walichokuwa wakisema pale mezani.

"Mia na kumi na mbili," alisema mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Niongezee wiki, mama, patamu ndiyo kwanza panaanza."

"Mimi sijakifungua hata ukurasa wa kwanza," alisema mwanamume aliyekuwa nyuma yake, akakiweka kitabu mezani polepole. "Kimekaa juu ya kabati tangu mwanangu hajazaliwa. Nimeona aibu."

"Mwambieni anayeuliza," akasema mzee mwenye kofia, "kwamba tisini. Pale tisini yule binti amekufa, na mimi siendelei."

Mkutubi alipokea, akagonga mhuri, akasema "pole baba", akapokea tena. Mzee mwenye kofia alitaka kumweleza jinsi binti alivyokufa, lakini foleni ilikuwa ikikohoa nyuma yake, akakatwa katikati.

Watu walipopungua, Nukta alisogea mezani. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani. Mbona wote wanakutajia namba za kurasa?"

"Si wanaulizwa."

"Wanaulizwa na nani?"

"Na maktaba. Kuna kampuni fulani imetutengenezea." Nukta alipojieleza kwamba ndiko anakofanya kazi, uso wa Mkutubi ulifunguka. "Kumbe ni nyinyi! Mwanzoni nilidhani watu wananitania. Mtu anaingia, hata salamu hakuna, ananiambia arobaini na tatu. Mpaka ujumbe ulipoingia na kwenye simu yangu ndipo nikaelewa."

Akamwonyesha. Ujumbe ulikuwa na maneno manne tu: *Umefika ukurasa wa ngapi?*

Nukta aliyasoma maneno yale mara mbili. Ujumbe uliopitishwa na kamati ya maktaba ulianza na "Ndugu msomaji" na kuishia kwenye kifungu cha kanuni. Huu hakuwaandikia wasomaji. Aliuandika siku moja akiwa anajaribu tu kama njia ya kutuma ujumbe imefunguka, na kwa kuwa mtu anayejaribu huandika lolote linalomjia, lilimjia swali ambalo baba yake alikuwa akimuuliza kila siku alipokuwa mdogo.

"Tatizo ni moja tu," Mkutubi aliendelea. "Wanakuja wote kwa pamoja. Mtu anataka kunihadithia alichosoma, tena ameulizwa, ana haki ya kujibu, nami namkata kwa sababu ya foleni. Hilo linaniuma."

Nukta alisema ataliangalia. Kwa aibu ya kutoka mikono mitupu, aliazima kile kitabu cha daraja.

Ofisini aliketi mbele ya kompyuta yake, akaifungua programu ya maktaba, akashuka mstari kwa mstari mpaka akafika mahali alipopaogopa. Kila programu ya aina ile ina swichi yake ndogo, si ya ukutani, ni neno tu, *majaribio*, na mbele yake huandikwa ndiyo au hapana. Ikiwa ndiyo, programu huiruka hesabu yote ndefu na kuwatumia watu wote ujumbe wa kujaribia kwa wakati mmoja, ili mtengenezaji aone haraka kama mambo yanakwenda. Siku ya kukabidhi kazi huwekwa hapana. Watengeneza programu wote wanalijua hilo, na ni wachache ambao hawajawahi kulisahau.

Swichi ilisema ndiyo. Hesabu yake ya miezi kadhaa ilikuwa imelala usingizi wa pono tangu siku ya kwanza.

Alicheka. Kisha akajikuta anataka kulia, akacheka tena ili asilie.

"Shemeji, unacheka na skrini?" Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe mkononi.

Nukta angeweza kuificha skrini, lakini alihitaji kumweleza mtu, akamweleza yote. Shemeji alivuta kiti.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Basi hajui mtu. Sema ulifanya makusudi. Iite ubunifu."

"Kibao si unakitaka wewe?"

"Nakitaka sana. Lakini nikikikosa mimi, kheri kiende kwako kuliko kibaki tupu kikitucheka kila asubuhi." Akapuliza chai yake. "Tena nikuulize, na sikutanii. Maneno umeandika wewe. Swichi umeiacha wewe. Mtu akirusha jiwe gizani likaangusha tunda, tunda si lake?"

Swali lile Nukta alirudi nalo nyumbani.

Baba yake alikuwa mezani, amefungua redio ya zamani na kupanga skrubu zake kwenye kifuniko cha chupa. Alikuwa mwoka mikate maisha yake yote, na ingawa alishastaafu, aliendelea kuamka kabla ya majogoo na kuzungukazunguka nyumbani akitafuta tanuri la kuwasha.

"Baba, unakumbuka ulivyokuwa ukiniuliza nimefika ukurasa wa ngapi?"

"Nakumbuka."

"Kwa nini ulikuwa ukiniuliza?"

Nukta alikuwa ameshalitayarisha jibu kichwani kwa ajili yake. Lilihusu elimu, na mzazi aliyejinyima.

"Nilitaka uzime taa," Baba alisema.

"Nini?"

"Chumba kilikuwa kimoja, mwanangu, na pazia katikati. Mimi naamka alfajiri. Ukisema sura imebaki kidogo, navumilia. Ukisema ndiyo kwanza unaanza, naja kuzima mwenyewe."

"Mimi siku zote nilidhani ulikuwa unapenda kujua."

"Kujua nini? Nilikuwa na usingizi." Aliokota skrubu, akaitazama, akairudisha. "Baadaye nikazoea. Ukilala bila kunitajia namba, nilikuwa nageuka geuka kitandani kama mtu aliyesahau kufunga mlango."

Nukta alimsimulia habari ya maktaba, watu kuja na namba zao, hesabu iliyolala, kibao. Baba alicheka mpaka akashika meza. Zawadi kama ipo, alisema, ipewe ile balbu.

"Wewe mikate yako ilivyokuwa inapendwa," Nukta aliuliza, "ulipewa nini?"

"Mshahara."

"Zaidi ya mshahara?"

"Mikate ikiisha mapema, walimsifu muuzaji. Ikiungua, ndipo walipolijua jina langu."

"Iliuma?"

"Iliniuma," Baba alisema, bila kuzunguka. "Asubuhi nikitoka kazini nilikuwa napishana na watoto wa shule wanatafuna mkate wangu njiani. Nilikuwa natamani niwasimamishe niwaambie, mimi ndiye. Sikuwahi. Nitamwambia mtoto mimi ndiye, aseme nini?"

Ijumaa Nukta alimweleza Meneja kila kitu, swichi, ujumbe, taa na pazia. Shemeji alikuwa pembeni akitazama viatu vyake. Meneja aliinamisha kichwa kusikiliza, na alipoisikia habari ya taa alicheka bila kupenda, kisha uso ukarudi kuwa makini.

"Kwa hiyo ile hesabu uliyonieleza miezi yote mpaka nikaota namba?"

"Haijafanya kazi hata siku moja."

"Ila ujumbe ni wake, shemeji," Shemeji alisema taratibu. "Asingeuandika, usingekuwepo."

"Ni kweli." Meneja alizungusha kalamu mezani. "Nikuulize wewe mwenyewe, Nukta. Unastahili au hustahili?"

Nukta alikuwa amelala na kuamka na swali hilo, na bado alilitafakari tena pale pale. Nafasi iliyo chini ya jina la Meneja aliiona waziwazi, kama vile mlango uko mbele yake.

"Kwa kilichofanikiwa, sina hakika," alisema. "Nililiacha swali la baba yangu mahali, watu wakaliokota. Lakini nilichokifanya kwa akili zangu bado hamjakiona. Hata mimi sijakiona. Tuache swali lilivyo, niwashe hesabu, tuone."

"Na isipoongeza kitu?"

"Basi tutajua."

Meneja alitikisa kichwa, si kwa kukataa. "Nikimzawadia mtu kwa kusahau, kesho ofisi nzima itasahau," alisema. "Washa. Kibao kisubiri mwisho wa mwezi."

Nukta aliliweka swali mahali pa ule ujumbe wa "Ndugu msomaji", kamati ya maktaba ikalipitisha bila ubishi kwa kuwa ilidhani ndilo ililolipitisha tangu mwanzo, kisha akaiandikia swichi hapana. Kila asubuhi alifungua mstari kabla hata hajavua koti. Alikuwa kama mtu aliyepanda mbegu bila kujua ni ya nini, na kusema kweli siku zile alifurahi kuliko miezi yote aliyokuwa akiamini kwamba anajua.

Mwisho wa mwezi Meneja alimwita peke yake. Mstari haukupanda wala haukushuka.

"Vitabu ni vile vile," alisema, na alisema kwa upole, jambo lililofanya iwe ngumu zaidi. "Siwezi, Nukta."

"Naelewa."

Alielewa kweli, na hilo halikusaidia. Alikwenda maliwatoni akanawa uso kwa muda mrefu. Iliuma, hakuna namna nyingine ya kulisema. Aliporudi mezani kwake alikuta kikombe cha chai kimefunikwa na kisahani, na Shemeji amejiinamia kwenye simu yake akijifanya hakukiweka yeye.

Alasiri, akiwa ndiyo kwanza anavuka barabara kutoka kazini, simu yake ikatetemeka mkobani. *Umefika ukurasa wa ngapi?*

Alisimama kando ya njia akacheka peke yake. Kitabu cha daraja kilikuwa mkobani, kimekaa humo tangu siku alipokiazima. Kazi ilikuwa imekwisha, hakuwa na haraka, na barabara ya maktaba ilianzia hapo hapo mbele yake. Hesabu ilikuwa imemchagulia saa yake sawasawa. Na ingawa kila neno la ujumbe ule na kila namba ya hesabu ile vilitoka kwenye vidole vyake mwenyewe, aliona haya kwa dhati kwamba hakupita ukurasa wa kumi na nane.

Maktaba hapakuwa na foleni. Mezani alikuwepo msomaji mmoja tu, yule mzee mwenye kofia, na kiti alikuwa amewekewa. Kumbe kile kitabu alikiazima tena, akaivuka ile tisini, na sasa alikuwa akimweleza Mkutubi kwa mikono miwili jinsi baba wa yule binti alivyoishi baada ya msiba. Mkutubi alikuwa amevua miwani. Hakutazama mlango, hakutazama saa. Mzee alimaliza pale alipotaka kumaliza, akashukuru, akainuka na kwenda zake taratibu.

"Mwanangu, karibu," Mkutubi alisema. "Umeona? Siku hizi hawaji mkupuo. Huyu saa hii, mwingine baadaye, mpaka jioni. Sijui wamepatwa na nini, lakini mtu namsikiliza mpaka anafika mwisho."

Nukta alisimama pale na kitabu mkononi. Hilo halikuwa kwenye mstari. Meneja hakulipima, na hata yeye hakuwahi kufikiria kulipima. Lakini lilikuwa lake, la miezi yote ile, na angeweza kulisema kwa maneno mawili tu, yale ambayo baba yake hakuwahi kuwaambia watoto wa shule. Alivuta pumzi ayaseme.

"Kumbe nawe una kitabu chetu," Mkutubi alisema, akitazama mkono wake. "Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa kumi na nane," Nukta alisema.

"Mbona umekwama mapema hivyo? Keti, niambie."

Nukta akavuta kiti, akaketi, akaanza kumwambia. Nyuma yake hapakuwa na mtu.